Kilomita Zimepungua, Mafuta Yameongezeka

Nyumba yetu ya Karatu inakula kwa mgongo wa gari moja: Hilux pikapu ya mwaka 1992, toleo la LN106, dizeli ya lita 2.8 isiyo na turbo. Kadi ya gari ina jina la mume wangu, lakini gari ni la wote. Shamba la vitunguu kule Mang'ola ni la mama mkwe. Dereva ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mimi ni fundi cherehani, nina banda langu hapo hapo uani, na daftari la gari ninaliandika mimi: lita zilizonunuliwa, kilomita zilizosomwa, magunia yaliyobebwa, pesa iliyoingia. Kisa hiki kilianzia kwenye matairi manne, kikafika jikoni, kikagusa heshima ya mtu. Ninakisimulia kwa ajili ya nyumba nyingine zenye gari kuukuu, barabara mbaya na pesa ya kuhesabu.

Mang'ola iko chini, katika bonde la Ziwa Eyasi. Mashamba ya vitunguu huko yananyweshwa kwa maji ya chemchemi, kwa hiyo mkulima anavuna hata mwaka ambao mvua imegoma. Shida iko njiani. Kwenda unateremka gari likiwa tupu, kurudi unapanda na mzigo. Kiangazi ni mawe na vumbi. Masika ni tope linalovua mtu kiatu. Hilux ya aina yetu ilitengenezwa kwa kazi kama hiyo. Ina ekseli nzima mbele na nyuma, springi za vyuma vya kupangana magurudumu yote, na habu za mbele ambazo dereva anashuka kuzifunga kwa mkono akitaka magurudumu manne yavute.

Lakini gari hata liwe hodari, lina tumbo. Masika yale malori yalikuwa yamechimba mifereji miwili mirefu barabarani, katikati likabaki tuta. Hilux ikakalia tuta hilo kwa difu, magurudumu yakawa yanazunguka bila kushika kitu. Ilivutwa na trekta siku ya pili, na vitunguu vilivyokuwa chini ya turubai vilikuwa vimeshaanza kunuka. Mume wangu alirudi nyumbani amelowa, hakula. Usiku akaniambia, "Mama watoto, gari hili linahitaji kunyanyuka. Nalitafutia matairi makubwa."

Hamu yake ilikuwa na msingi. Ukiondoa tairi, hakuna kitu kingine kinachonyanyua difu ya gari la ekseli nzima. Unaweza kuongeza springi, ukaweka shako ndefu, bodi ikapaa juu; difu itabaki pale pale, kwa sababu inakaa kwenye ekseli, na ekseli inabebwa na tairi. Hilo alikuwa nalo sawa. Pesa ndiyo iliyokuwa nyembamba. Tulikuwa tumeweka akiba ya bati na mbao za jiko, maana jiko letu la nje lilikuwa limeanza kuegemea upande. Tukakubaliana achukue nusu ya akiba, nusu ibaki.

Alikwenda Arusha. Alirudi na matairi manne ya mtumba ya 265/75R16, mapana, yenye kashata nene za kupendeza. Akayapanga chini ya mgrevilea na kutuita wote tuone. "Kwa bei ya mapya mawili nimepata manne," alisema. Mama mkwe aliyazunguka, akayagonga kwa fimbo yake, akasema maneno mawili tu: "Rahisi ghali." Akaingia ndani.

Namba za ubavuni ziko wazi kwa anayezisoma. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita. Namba 75 inasema kimo cha ubavu ni asilimia 75 ya upana huo. Namba 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukizikokotoa, tairi lile lina kipenyo cha milimita 804 hivi. Gari letu lilikuwa linavaa 205R16, ambalo kipenyo chake ni kama milimita 743. Tofauti ni sentimita sita, nzuri kwa kuitazama, lakini ekseli inakaa katikati ya gurudumu, hivyo difu inapanda nusu yake tu. Sentimita sita za tairi ni sentimita tatu za nafasi chini ya gari. Kwa sentimita hizo tatu nyumba yetu ililipa mambo mengi.

La kwanza lilikuwa rimu. Rimu zetu za chuma zina upana wa inchi 5.5. Tairi la 265/75R16 limetengenezwa kukaa kwenye rimu ya inchi 7 hadi 8. Kijana wa kuziba pancha alilivalisha hivyo hivyo, likaingia, likajaa upepo, likakaa. Ila tairi pana likibanwa na rimu nyembamba hutunisha kifua: katikati ndiko kunakogusa barabara na kulika, kingo zinabaki hewani. Upana ule tulioulipia haukuwa unakanyaga chini.

La pili lilikuwa usukani. Fundi wa gari alipokata kona hadi mwisho, tairi lilikwaruza springi kwa ndani na madigadi kwa mbele. Alitoa dawa inayotolewa gereji nyingi: kila upande wa ekseli ya mbele kuna bolti inayozuia gurudumu lisikate kupita kiasi, naye akazifungua zitokeze zaidi. Kelele ya kukwaruza ikaisha. Gari nalo likapoteza sehemu ya kona yake. Lilipokuwa linaingia geti kwa mkato mmoja, sasa liliingia kwa kwenda mbele na kurudi nyuma, watoto wakiwa wamesimama kando wanaelekeza.

Jioni moja shemeji alirudi giza likiwa limeshaingia, akarudisha gari nyuma kutafuta kona ambayo haikuwepo tena. Bampa ikagusa nguzo ya jiko. Haikugongwa kwa nguvu, lakini jiko lile lilikuwa linangoja sababu. Paa likalala upande wa mashariki, sufuria ya makande ikafunikwa na masizi na vumbi la nyasi. Tulimshukuru Mungu kwamba aliyekuwa akipika alikuwa ametoka kuchota chumvi. Kwa hiyo pesa ya jiko ilikwenda kwenye matairi, na matairi yakaja kulimaliza jiko. Tangu siku hiyo tukapikia barazani kwangu, cherehani ikafunikwa nailoni.

La tatu ndilo lililoumiza kuliko yote, nalo lilitokea kwenye daftari langu.

Kutoka nyumbani hadi shambani odomita ilikuwa ikisoma kilomita 52. Kwenda na kurudi ni 104, na gari lilikuwa likinywa lita 12, mzigo ukizidi lita 12 na nusu. Mama mkwe anazijua namba hizo kwa kichwa, kwa sababu mafuta yanatoka kwenye vitunguu vyake. Baada ya matairi mapya kurasa zikaanza kusema mengine. Safari ile ile, barabara ile ile, odomita ikasoma 48 kwenda na 48 kurudi. Na shemeji akawa anaomba lita 14.

Wiki zikapita namba zikiwa hazibadiliki. Usiku mmoja, tukiwa tumekaa barazani, mama mkwe aliomba daftari lisomwe kwa sauti. Nilisoma. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Kilomita zimepungua, mafuta yameongezeka. Hapo katikati nani anakunywa dizeli?"

Hakumtaja mtu, na hakukuwa na haja. Dereva ni mmoja. Mume wangu aliinamisha kichwa, hakumtetea mdogo wake. Shemeji alisimama, akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani taratibu. "Mama, mimi nimeendesha gari hili tangu marehemu baba yupo. Sijawahi kuuza hata kikombe cha mafuta. Kama nimeonekana mwizi, funguo hizi hapa." Akaenda kulala kwa shangazi yao Rhotia. Mama mkwe aliendelea kusema peke yake kwa Kiiraqw, na nyumbani kwetu akishahamia Kiiraqw kila mtu anajua kulala mapema.

Mimi sikulala. Nilimfahamu shemeji, na nilizifahamu namba. Mwizi wa mafuta huongeza kilomita, maana kilomita nyingi ndizo zinazofunika mafuta mengi. Hakuna mwizi anayepunguza kilomita na kuongeza lita, akajiwekea ushahidi mwenyewe. Na barabara ya Mang'ola haikuwa imefupishwa na mtu.

Alfajiri nilichukua tepu yangu ya kupimia nguo nikaenda kwenye gari. Nililizungushia gurudumu, nikaweka alama ya chaki pale tepu ilipoishia, nikaendelea. Mzunguko ukatoka sentimita 252 hivi. Kisha nikalala chini, nikapima tairi la spea, ambalo lilikuwa bado lile la zamani la 205R16. Likatoa sentimita 233. Nikakaa chini pale pale nikafanya hesabu.

Odomita haiioni barabara. Inahesabu mizunguko tu, na imepangwa kwa tairi lililotoka kiwandani. Tairi likiwa kubwa, mzunguko mmoja unameza ardhi zaidi, kwa hiyo kwa safari ile ile mizunguko inapungua na kilomita zinazosomwa zinapungua. Nilizidisha 48 kwa 252, nikagawanya kwa 233. Jibu likawa 52 chini ya punje. Njia nzima ilikuwepo, imefichwa ndani ya mpira. Spidomita nayo ilikuwa inatudanganya kwa njia hiyo hiyo: mshale ukisema 80, gari lilikuwa kwenye 86 au 87, na dereva anayeamini mshale hukuta breki zimechelewa bila kujua kwa nini.

Lita mbili za ziada je? Hizo zilikuwa za kweli, nazo zilinywewa na matairi yenyewe. Tairi kubwa ni kama gia ndefu ambayo huwezi kuitoa. Injini ile ile inalazimika kusukuma gurudumu refu zaidi kwa asilimia 8, zito zaidi, pana zaidi. Mlima ambao Hilux ilikuwa ikiupanda kwa gia ya tatu, sasa iliupanda kwa ya pili ikipiga kelele. Wenye uwezo hubadilisha meno ya difu, mbele na nyuma kwa pamoja, ili gari lirudi kwenye nguvu yake. Sisi hatukuwa na pesa hiyo.

Nilimwita mume wangu na mama yake kwenye gari. Sikueleza kwa maneno mengi. Nilimpa mama tepu ashike ncha moja, tukazungusha pamoja tairi jipya, kisha lile la zamani. Mama mkwe hakusoma sana, lakini amepima mashamba kwa hatua na magunia kwa jicho maisha yake yote. Alipoziona alama mbili za chaki, moja mbali na nyingine, alielewa kabla sijafungua daftari. "Mwanangu hakuiba," alisema. Akarudia. Kisha akavaa kitenge chake cha kutokea, akapanda bodaboda mwenyewe hadi Rhotia. Mama wa umri ule angeweza kutuma mtoto. Alikwenda yeye mwenyewe kumwambia mwanawe mdogo, mbele ya shangazi, kwamba amemkosea. Mume wangu naye aliomba radhi jioni, na kwa kaka mkubwa hilo si jambo jepesi. Funguo zikarudi kwa mwenyewe.

Tungeishia hapo, kama matairi yangekuwa mazima. Hayakuwa.

Walikuwa wanapanda kutoka Mang'ola na mzigo, mume wangu akiwa ndani, ndipo tairi la nyuma likaachia. Ngozi yote ya juu ilibanduka, ikapiga madigadi, magunia mawili yakadondoka na vitunguu vikatawanyika mtelemkoni. Gari halikupinduka, shemeji alilishika. Walipoliangalia tairi lile waliona nyufa nyembamba zimezunguka ubavu mzima, na mwisho wa maandishi ya DOT namba nne: 1408. Namba hizo nne zipo kwenye matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, na kila mnunuzi anapaswa kuzisoma. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2008. Kampuni kama Michelin hushauri tairi litolewe kazini likifika miaka 10 tangu kutengenezwa, hata kama kashata zake bado ni nene. Mpira huzeeka hata ukikaa stoo. Lile lilikuwa zee lililopakwa dawa ya kung'arisha.

Spea ilikuwa ndogo, ya saizi ya zamani. Mume wangu alitaka ifungwe nyuma na fowili iwekwe ili wamalize mlima. Shemeji alikataa. "Kaka, fowili ya gari hili inafunga mbele na nyuma kwa shafti, hazipishani. Tairi moja likiwa dogo juu ya mwamba mkavu, tutavunja difu." Akahamisha tairi kubwa la mbele kwenda nyuma, ndogo akaifunga mbele, akafungua habu zote mbili, wakapanda kwa magurudumu ya nyuma peke yake, gia ya kwanza, mwendo wa kutembea. Walifika usiku mkubwa. Mume wangu aliposhuka aliniambia, "Huyu ndiye tuliyemwita mwizi."

Tulifanya kikao cha nyumba, na safari hii kila mtu alisema. Fundi aliitwa akae nasi. Mashauri yake yalikuwa mafupi, na leo ninayatoa kwa yeyote anayeniuliza. Gari kuukuu la mzigo lisiongezewe zaidi ya saizi moja. Likiongezewa, liongezewe kimo kuliko upana, kwa sababu tairi jembamba refu linakaa sawa kwenye rimu ya zamani, haligusi springi, na kwenye tope la mifereji linakata hadi chini penye udongo mgumu. Kwa rimu zetu alitaja 7.00R16, tairi la tyubu, ubavu mgumu, kipenyo cha milimita 775 hadi 780. Ni saizi inayovaliwa na Canter, kwa hiyo haikosekani dukani wala kwenye kibanda cha pancha. Difu ingepanda chini ya sentimita mbili. Tulikubali kiasi hicho, kwa kuwa tulishajua kila sentimita inauzwa shilingi ngapi.

Pesa ilitoka kwenye kikoba chetu cha akina mama, mkopo kwa jina langu, marejesho kwa vitunguu vya mama mkwe. Tulinunua matano mapya, na la tano ni spea ya saizi ile ile. Gari la fowili lisilo na spea inayolingana ni gari la magurudumu mawili linalosubiri pancha. Fundi alirudisha bolti za usukani mahali pake. Alikagua mipira ya breki isije ikavutika pale ekseli inaponing'inia, akabadilisha mmoja uliopasuka, akaweka pedi na lining'i mpya, kwa kuwa gurudumu kubwa linahitaji kushikwa zaidi. Yale matairi ya mtumba hatukuyauza. Mawili yalikuwa ya 2008 na mengine hayakuwa mbali, na mtu mwingine angepakia watoto wake juu yake.

Sasa Hilux inaingia geti kwa mkato mmoja. Mlima imerudi kuupanda kwa gia ya tatu mzigo ukiwa wa kawaida. Masika yaliyofuata iliteleza, ikachafuka, lakini haikulala njiani, kwa sababu shemeji sasa anashuka mapema kufunga habu na anachagua kukanyaga juu ya tuta badala ya kuingia mferejini. Ujuzi huo ulikuwepo tangu zamani, hatukuwa tumemuuliza. Katika daftari nimechora safu mpya: kilomita zilizosomwa, zikizidishwa kwa 1.05. Mama mkwe huitazama safu hiyo kwanza. Jiko lilijengwa baada ya mavuno mawili, la matofali, mbali na njia ya gari.

Ndugu msomaji, kama una gari kuukuu na unatamani kulinyanyua, usianze dukani. Anza uani na tepu. Pima mzunguko wa tairi ulilonalo, soma upana wa rimu, kata usukani hadi mwisho uone nafasi iliyobaki. Ukifika dukani, soma namba nne za DOT kabla ya kuuliza bei, na hesabu tano, si nne. Weka pesa ya breki pembeni kabla ya pesa ya tairi. Na siku utakayobadilisha saizi, andika kwenye daftari tarehe na hesabu mpya ya kilomita, uwasomee wote wanaohusika na gari hilo. Dereva wako asije akaitwa mwizi kwa kosa la mpira.